Bi Mkubwa Amekataa

Katika nyumba ile hakikununuliwa hata kiberiti bila Bi Mkubwa kuulizwa. Na asikudanganye mtu, Bi Mkubwa hakuwa mke. Mke alikuwa mmoja tu, fundi cherehani, naye ndiye aliyempa mwenzake jina hilo, maana alipoolewa alimkuta ndani. Bi Mkubwa ilikuwa programu ya kutunzia hesabu za nyumbani. Ilikaa ndani ya kompyuta kuukuu pale sebuleni, na feni ya kompyuta hiyo ilinguruma hadi wageni wakauliza kama kuna kitu kinachemka jikoni.

Mwenye programu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, na mtaa mzima ulimwita Stoo. Mtu mnyoofu, hanywi, havuti, na kopo la rangi likipotea kazini hapati usingizi mpaka lionekane. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumwambia binadamu mwenzake "hapana". Sasa mtu wa namna hiyo, na mshahara ndio ule ule, afanyeje? Alitafuta wa kumsemea. Ukimwomba pesa, atakusikiliza kwa huruma, atafungua kompyuta, ataingiza ombi lako, atasubiri, kisha atakugeuzia kioo uone namba nyekundu.

"Mimi nimekubali kabisa," atasema. "Lakini si unaona mwenyewe? Amekataa."

Bi Mkubwa alikataa sofa. Alikataa safari ya harusi ya binamu. Cherehani ya umeme aliikataa mara nyingi kiasi kwamba mke aliacha kuiomba, akaendelea kukanyaga ile ya miguu. Na kwa miaka mitatu alikataa macho ya Bibi.

Bibi alikuwa mama mzazi wa mke, na alikuwa anaishi nao. Mtoto wa jicho alianza jicho la kushoto, akahamia la kulia, sasa Bibi alikuwa anaona mwanga na vivuli basi. Upasuaji laki sita, macho yote mawili. Hospitali ya macho haikuwa hata mbali.

Jioni moja Bibi alitoka chumbani kwa kupapasa ukuta, akafika karibu na mlango, akasimama.

"Umerudi, baba? Habari za kazini?"

Akasogea hatua moja, akanyoosha shingo.

"Nakuuliza wewe mkwe wangu. Au leo tumenuniana?"

Alikuwa anasalimia koti la Stoo lililotundikwa kwenye msumari. Si kosa lake, koti lilinuka rangi na thina ya kuizimua kama mwenyewe alivyonuka. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti hatua chache kutoka hapo, kikombe mkononi, na aliona aibu kujibu kwa sababu angelazimika kueleza kwamba lile ni koti. Mke akatoka jikoni, akamshika mama yake mkono, akamkalisha. Kisha akamgeukia mumewe.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi yeye haoni. Muulize tena huyo mkeo."

Stoo akaingiza laki sita. Feni ikanguruma. Akageuza kioo taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba.

"Nyekundu," alisema. "Tuna laki saba benki, lakini hiyo ni awamu ya mwisho ya kiwanja, na muuzaji anaitaka mwisho wa mwezi. Na ile laki nane ya kwenye chama unajua imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

Stoo akanywa chai. Chama chenyewe kilikuwa cha akiba na mikopo, na akiba yake yote ilikuwa dhamana ya mkopo wa mdogo wake, muuza simu na vifaa vyake, ambaye kila mtu alimwita Chaja.

"Kwa kibanda cha Chaja Bi Mkubwa hakukataa," mke alisema.

"Siku ile ilitoka kijani."

"Heri yake aliyeomba siku ya kijani," alisema mke, akarudi jikoni, na sufuria zikapata tabu.

*

Mungu si Athumani. Wiki iliyofuata Stoo alifungua kompyuta akakutana na tangazo: waliotengeneza programu wanaifunga. Watumiaji wote wahamishe kumbukumbu zao kabla mwezi haujaisha. Shukrani kwa uaminifu wenu.

Alisoma mara tatu. Siku hiyo alirudisha sahani na chakula nusu. Mke alimtazama akadhani kafukuzwa kazi, na alipoambiwa ni nini, alilazimika kwenda uani acheke huko, akacheka hadi akashika ukuta. Bibi alimuuliza kuna nini.

"Bi Mkubwa anafariki, mama."

"Yule mashine? Poleni. Alikuwa na ulimi mkali, lakini alisema wazi."

Chaja akaitwa. Akaja na simu mpya ya kaka yake, iliyouzwa kwa bei ya kindugu, yaani ghali kidogo kuliko dukani. Ndani yake alikwishaweka programu nyingine ya hesabu, nyepesi, yenye rangi za kuvutia, na kila ukiifungua inakusalimia.

"Hii ndiyo ya kisasa, kaka. Inaongea na benki yenyewe moja kwa moja. Ile yako ni ya enzi za baba."

"Na chama? Inaongea nacho?"

"Chama bado wanaandika kwa kalamu wale. Hicho tunahamisha kutoka kwenye ile ya zamani, kama kilivyo."

Wakaunganisha kompyuta na simu. Mke alikuwa amekaa kwenye cherehani yake pembeni, anapinda gauni la mteja, sikio kwao. Kazi ilikwenda vizuri mpaka programu mpya ikauliza swali.

"Inasema, 'Mistari hii miwili inafanana. Nifute mmoja?'" Chaja alisoma. "Naona huu ni wa pesa kutoka benki kwenda chama, na huu ni wa chama kupokea. Tufute?"

Stoo aliruka kama kakanyaga kaa la moto.

"Kufuta? Kufuta nini wewe! Unajua aliyekuwa stoo kabla yangu yuko wapi leo?"

"Yuko wapi?"

"Anauza karanga. Alifuta mstari mmoja. Kopo likihama rafu, unaandika limetoka, unaandika limeingia, na mistari yote miwili inabaki mpaka kiyama. Hakuna kufuta!"

"Haya, kaka, hapana. Imeuliza tena, ya mwezi unaofuata."

"Iache hivyo hivyo."

"Na tena."

"Bonyeza hapana kwa yote, bwana, usinichoshe."

Chaja akabonyeza hapana kwa yote. Stoo akajiegemeza kwenye kiti, ameridhika, mtu aliyeokoa mali. Na hapo ndipo kila senti aliyowahi kupeleka chamani ilipohesabiwa mara mbili, ya kutoka na ya kuingia, na programu mpya ikampongeza kwa bidii yake ya kuweka akiba.

Ikaonyesha milioni moja na laki sita.

"Mbona nyingi?" Stoo aliuliza, na ukweli usemwe, aliuliza. "Mimi nina laki nane."

Chaja alikuna kichwa. Hakujua, lakini mfanyabiashara hasemi hajui mbele ya mteja. "Si gawio hilo, kaka? Hii ina akili, inahesabu mpaka gawio la miaka yote. Ile ya zamani haikuwa inajua mambo hayo."

"Gawio," alirudia Stoo polepole. "Kumbe ile ilikuwa inanificha."

"Ilikuwa inakubania."

Mtu akitaka kuamini jambo, huhitaji kumsukuma, msogezee kiti tu. Yule mtu aliyehesabu makopo kwa kugonga kila moja kwa kidole alikubali laki nane za ziada kwa maneno ya Chaja. Mke akasimamisha cherehani.

"Huyu mpya tumwite Bi Mdogo," alisema. "Haya, Bi Mdogo aulizwe macho."

Stoo aliandika laki sita. Hakukuwa na feni wala kungoja. Simu ikatoa mlio mtamu, na kioo chote kikawa kijani: Unaweza kumudu.

Stoo alikitazama kile kijani akitafuta "lakini", akaikosa. Hakuwa na wa kumkatalia tena. Na hapa tusimwonee: alipomtazama mkewe, aliyekuwa ameziba mdomo kwa lile gauni la mteja, alifurahi kweli kweli. Miaka yote hiyo alitamani kusema ndiyo, alikuwa anangoja aruhusiwe.

"Bi Mdogo amekubali," alisema.

Akafanya mpango papo hapo. Hospitali ilipwe kwa ile laki saba ya kiwanja iliyoko benki, kisha ile laki nane ya gawio, iliyo huru chamani, itolewe na kurudishwa benki kabla muuzaji wa kiwanja hajakohoa. Mpango ulikuwa safi. Ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba laki nane iliyo huru haikuwepo duniani.

*

Wiki ile nyumba ilimshangaa baba yake. Sukari ilinunuliwa kwa kilo. Kazini aliwashauri wenzake waachane na programu za zamani, "zinawabania, nyie hamjui tu." Fundi wa mitambo alipomkopa, alimkopesha hapo hapo bila kufungua simu, na fundi akaogopa, akauliza kama anaumwa.

Upasuaji ulipangwa Alhamisi. Stoo akaomba ruhusa asubuhi hiyo apitie chamani kwanza, awakute hospitali baadaye.

Kwenye dirisha la chama palikuwa na foleni. Karani, binti mwenye miwani iliyoteleza puani kila akiinama, alisoma fomu yake, akafungua faili, akairudisha fomu.

"Baba, hapa umeandika kutoa laki nane."

"Naam."

"Huna cha kutoa. Akiba yako ni laki nane, na yote ni dhamana."

Stoo akatabasamu kwa upole, kama mtu mzima anayemrekebisha mtoto. "Angalia vizuri, mwanangu. Ni milioni moja na laki sita. Pamoja na gawio."

"Gawio la chama hiki?" karani alisema, na foleni yote ikacheka, maana chama hicho gawio lake la mwisho lilikuwa kalenda.

Hapo damu ikampanda. Alitoa simu, akaibandika kwenye kioo cha dirisha. "Mnaiba pesa za watu! Hizi hapa! Haya, hiki ni nini?"

Karani akasogeza miwani, akasoma kwa heshima zote. "Baba, hiyo ni simu yako. Ukiandika humo kwamba una ndege, sisi tukupe rubani?"

"Mzee, toka tuhudumiwe," sauti ilisema nyuma. "Kama unazo kwenye simu, si utumie hizo hizo."

Karani alikuwa na moyo, hakumfukuza. Alimgeuzia faili, akapitisha kalamu mstari kwa mstari, mwezi kwa mwezi. Stoo akalinganisha na simu. Kwa karani, mwezi mmoja mstari mmoja. Kwenye simu, mwezi mmoja mistari miwili, kiasi kile kile, tarehe ile ile. Kutoka na kuingia. Hakuhitaji kuelezwa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema bonyeza hapana kwa yote.

Alimpigia mkewe simu, ikawa imezimwa. Akatoa risiti ya hospitali mfukoni, akaisoma pale chini palipoandikwa kwa herufi ndogo: pesa hurejeshwa iwapo mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji. Akakodi pikipiki, yeye, Stoo, bila kuuliza bei na bila kuiandika popote.

*

Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mkoba wa mama yake mapajani. Alimwona anavyokuja, shati limetoka kiunoni, risiti mkononi. Akaangalia risiti, akaangalia uso.

"Usiniambie."

"Mama watoto, kuna hitilafu."

"Usiniambie, nimesema."

"Bi Mdogo amekosea. Zile pesa hazipo. Ilihesabu mara mbili." Alikuwa anahema. "Muuzaji wa kiwanja hana mchezo, unamjua. Tukikosa awamu hii tunatozwa faini, pengine tunanyang'anywa. Hapa wanarudisha, kama hajaingia. Tutampanga upya, mwakani, nikishatoa ile dhamana..."

Mke hakupiga kelele. Angepiga kelele Stoo angepona. Alisema kwa sauti ya chini, akinyoosha kidole kwenye pazia la kijani mwisho wa korido:

"Mama yuko pale. Ameshavalishwa. Bi Mdogo amekosea, sivyo? Basi mpeleke Bi Mdogo mwenyewe, aingie pale, amwambie mama yangu avue lile gauni arudi nyumbani akasalimie makoti."

Stoo akatazama simu mkononi mwake. Akaiweka mfukoni. Akaenda.

Bibi alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya kitambaa kichwani, mikono imelala juu ya tumbo. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana nyumbani. Stoo akasimama karibu naye, akafungua mdomo, na Bibi akamwahi.

"Ni wewe, daktari?"

Stoo akafunga mdomo.

"Nilikuwa naomba uje. Unajua, daktari, aliyenilipia ni mkwe wangu. Miaka mitatu nilimsema vibaya moyoni. Nikasema huyu ni mchoyo, anamjali ndugu yake, mimi ananiacha nioze. Kumbe si yeye. Kulikuwa na mashine nyumbani inamkatalia, maskini ya Mungu. Yeye alikubali siku zote." Alitafuta mkono, akaupata wa Stoo, akaushika. "Nikiona tu, mtu wa kwanza nataka kumwona ni yeye. Nimwombe radhi. Si itakuwa vizuri, daktari?"

Stoo aliugua kwa ndani kama mtu aliyemeza mfupa. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaona, aliyaacha. Muuguzi akaja, akashika kitanda, akamwona mwanamume analia.

"Kuna tatizo, baba? Tusimamishe kwanza?"

Ile risiti ilikuwa bado mkononi, imelowa jasho.

"Hapana," alisema Stoo.

Lilikuwa "hapana" lake la kwanza kwa binadamu. Kitanda kikaingia, mlango ukafungwa, na laki sita ikaingia nacho.

*

Kwa muuzaji wa kiwanja alikwenda mwenyewe, mikono mitupu. Aliwekwa kwenye veranda nusu ya asubuhi, akasikiliza mawaidha juu ya watu wanaonunua vitu wasivyoviweza, akasema "ndiyo mzee" hadi koo likakauka. Akaongezewa miezi miwili, na faini juu. Chaja aliposikia alisema kwamba programu si mbaya, ni watu hawasomi maelekezo. Alisema hivyo mara moja tu, kwa sababu shemeji yake alikuwa na mkasi mkononi.

Plasta zilipotolewa, Bibi alipewa miwani myeusi na dawa ya matone. Siku ya tatu akaivua miwani mle sebuleni. Akamtazama binti yake muda mrefu, akamwambia amekonda. Akaliona koti kwenye msumari, akaliamkia kwa utani, "Habari za kazini?" Mke akacheka na kulia pamoja, mguu ukaenda upesi kwenye cherehani.

Kisha Bibi akamwita mkwewe.

"Hebu nionyeshe hiyo nyekundu. Nimeisikia miaka mitatu, sijawahi kuiona."

Stoo akafungua simu. Hesabu alikwisharekebisha, mstari kwa mstari, kwa mkono wake, akafuta nusu yake. Sasa namba ilikuwa nyekundu kuliko zote alizowahi kupata. Bibi akaishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akifurahia kwamba anaweza.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Mbona ndogo hivi? Haijai hata ukucha."

Stoo akachuchumaa mbele ya kiti chake. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno hayo kazini, kati ya makopo, na bado yalimshinda. "Mama, haikuwa mashine. Mashine inasema unachoiambia. Pesa ingepatikana, tungebana huku na huku, kiwanja kingesubiri. Aliyekuwa anakataa ni mimi."

"Najua."

"Unajua? Na yale uliyomwambia daktari?"

Bibi akamtazama. Ilikuwa shida kidogo, kutazamwa na macho yale mapya.

"Mwanangu, macho ndiyo yalikuwa mabovu. Pua ilikuwa nzima. Ulinuka thina tangu mwanzo wa korido. Na daktari gani anakuja kwa mgonjwa anahema kama kafukuzwa na mbwa?"

Bibi akaizima simu, akaiweka chini ya mto wa kiti, akaukalia.

"Sasa," alisema, "binti yangu aliwahi kukuomba cherehani ya umeme. Mjibu. Kwa mdomo."

Pembeni, mke akainua mguu kutoka kwenye cherehani, ili asikie vizuri.